Wanaoiita Kelele Hawajahesabu Mizani

Katika vikao vya washairi wa pwani yetu ya kusini, kuanzia Kilwa Kivinje hadi Lindi mjini, kuna hukumu moja inayotolewa bila shauri kusikilizwa. Hukumu hiyo yasema kwamba muziki wa mitambo unaotengenezwa na vijana wa Dar es Salaam, singeli na ndugu zake, ni kelele. Kwamba maneno yake si maneno bali ni mayowe. Na kwamba mshairi mwenye kuheshimu fani yake hana haja ya kuutegea sikio. Waitoao hukumu hiyo ni watu ninaowaheshimu, na baadhi yao ndio walionifundisha kuhesabu mizani kabla sijaota ndevu. Hata hivyo nasema wamekosea, na kosa lao lina gharama ambayo hawailipi wao. Inalipwa na wanaoghani, na inalipwa na Kiswahili.

Tuanze na yaliyotendeka. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, uliobeba kazi za watengenezaji na waghani wa studio ya Sisso ya Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ikatoka Poaa ya Bamba Pana. Zikafuata Tatizo Pesa ya Jay Mitta, Mateso ya Sisso mwenyewe, Uingizaji Hewa ya Duke, kisha Mr Mixondo ya DJ Travella mwaka 2022, na Singeli Ya Maajabu ya Sisso na Maiko mwaka 2024. Soma tena majina hayo polepole. Uingizaji Hewa! Ni nani kati yetu aliyewahi kuipa diwani jina lenye ujasiri kama huo? Sisi bado tunaziita diwani zetu bustani, johari na lulu, kana kwamba bahari haijatoa kitu kingine.

(Kuhusu jina la lebo yenyewe, najua mtacheka. Kwa Waganda neno hilo ni hamu ya ghafla ya kucheza ngoma; kwetu maana yake kila mtu anaijua na hakuna anayeisema mbele ya wakwe. Mwaka 2018 Waziri wa Maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitaka tamasha la watu hao lipigwe marufuku, na jina nalo halikuwasaidia. Tucheke, kisha turudi kwenye hoja.)

Albamu hizo zilisikilizwa Ulaya kuliko zilivyosikilizwa Lindi. Wahakiki wa huko waliziweka kwenye rafu moja na muziki wa viwanda, ule ulioitwa hivyo tangu kundi la Throbbing Gristle lilipoanzisha lebo ya Industrial Records nchini Uingereza mwaka 1976, na baadaye Einstürzende Neubauten wa Berlin wakapanda jukwaani na vyuma chakavu na keekee za umeme. Waliandika kwa Kiingereza kuhusu kasi: mapigo 200 kwa dakika, mapigo 250, mapigo 300. Waliandika kuhusu joto la studio na uchache wa vifaa. Kuhusu maneno hawakuandika kitu cha maana, na siwalaumu, kwa sababu hawakijui Kiswahili. Nawalaumu wanaokijua.

Wapo wanaoniambia kwamba muziki wa viwanda ni mtoto wa Ulaya, na kwamba pwani ya minazi na misikiti ya matumbawe haina uhusiano nao. Hoja hiyo nzuri ingekuwa nzuri zaidi kama ingekuwa kweli. Gesi iliyogunduliwa Songo Songo, kisiwa cha wilaya hii ya Kilwa, mwaka 1974 ndiyo iliyoanza kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004, baada ya kupita chini ya bahari hadi Somanga na kukata nchi kavu kwa bomba la zaidi ya kilomita 200. Kijana aliyekesha mbele ya kompyuta katika mitaa ya Dar es Salaam akikata vipande vya sauti alikuwa akitumia moto uliotoka kwetu. Na mashine tumeishi nazo kabla ya hapo. Tumeishi na mitambo ya mkonge, tumeishi na viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa kwa matumaini makubwa, vikasimama, vikageuka maghala ya kuwekea korosho ghafi inayosafirishwa ikabanguliwe kwa wengine. Muziki wa viwanda huko Uingereza ulizaliwa katika miji ambayo viwanda vyake vilikuwa vinakufa. Kwa kigezo hicho sisi wa kusini tungepaswa kuwa mabingwa wake.

Barabara inayotoka Dar es Salaam kuja huku inaitwa Barabara ya Kilwa, na muziki huu umesafiri kwayo. Harusi za Kilwa Masoko leo hupigwa singeli, spika zikiwa zimepangwa juu ya viti vya plastiki, na watoto wa umri wa madrasa wanayajua maneno kwa moyo. Wanayajua kwa kusikia tu. Hakuna aliyewaandikia.

Sasa nije kwenye shutuma zenyewe. Ya kwanza ni kwamba hakuna mizani. Wanaosema hivyo hawajahesabu. Chukua wimbo wa mapigo 240 kwa dakika: hayo ni mapigo manne kwa sekunde moja. Mghani, yule ambaye mtaani huitwa MC, akiweka silabi moja juu ya kila pigo, mshororo wa mizani kumi na sita atautoa kwa sekunde nne, na ubeti wa tarbia kwa sekunde kumi na sita. Akiweka silabi mbili juu ya kila pigo, ubeti mzima unakwisha kwa sekunde nane. Kipande cha utenzi chenye mizani minane kinatoka kwa sekunde moja. Ili mjue kwamba sitanii, nimetunga ubeti mmoja kwa ajili ya jaribio hili, na yeyote mwenye simu yenye programu ya kuhesabu mapigo anaweza kuughani nami:

Mtambo ukinguruma, neno lishike sauti,
Maana isije zama, katika wingi wa biti,
Alonena kwa kuhema, jina lake hatufuti,
Kalamu ikisimama, ngoma hubaki maiti.

Kwa silabi moja kwa pigo, unaghanika kwa raha. Kwa silabi mbili, ulimi unaanza kulia. Tatizo la kwanza litakukuta mwanzoni kabisa, katika ile M ya Mtambo, ambayo kwa sheria zetu ni silabi kamili inayostahili mizani yake, lakini kwa kasi hiyo inataka kumezwa na ta inayoifuata. Mghani ana njia mbili: ama aipe pigo lake kwa kuibana midomo mapema, ama aimeze na ajazie mahali pengine. Anaamua hayo kwa robo ya sekunde, mbele ya umati, usiku wa manane, huku mtambo ukiwa haumsubiri. Mashairi yetu ya kuandikwa mezani hayajawahi kuwa na karani mkali namna hiyo. Sisi tukizidisha silabi, mhariri huturudishia. Yeye akizidisha, pigo linampita na kila mtu anaona.

Hapa ndipo ninaposhangazwa na wazee wangu. Ni wao waliosimama miaka ya 1970, baada ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi kutoka mwaka 1974, wakasema kwamba utungo usio na vina na mizani hauimbiki, na usioimbika si shairi. Walimshika Kaluta Amri Abedi mkono wa kulia na kitabu chake cha sheria za kutunga cha mwaka 1954 mkono wa kushoto. Vizuri. Basi amekuja mtu asiyejua kutunga kitu kisichoimbika, ambaye hana hata uwezo wa kuliacha pigo, na wao hao wanafunga dirisha. Je, walikuwa wanatetea mizani, au walikuwa wanatetea mtu fulani aliyevaa kanzu fulani?

Shutuma ya pili ni kwamba wanakula maneno. Kweli, wanakula. Nakuja inakaa mahali pa ninakuja, h inapotea mwanzoni mwa neno, na irabu mbili zinaunganishwa kuwa moja. Lakini tazameni ubeti wangu wa hapo juu. Nimeandika Alonena mahali pa aliyenena, na isije zama mahali pa isije ikazama, na hakuna hata mmoja wenu aliyeinua mkono. Mshairi akifupisha neno ili lienee mizani, tunaiita inkisari na tunaifundisha shuleni. Akirefusha, tunaiita mazida. Akibadili sauti, tunaiita tabdila. Kijana wa Mburahati akifanya yaleyale kwa sababu zilezile, tunasema kala maneno. Kama kuna tofauti ya kifani kati ya vitendo hivyo viwili, naomba mtu anionyeshe.

Ya tatu ni matusi. Hii siikatai yote. Zipo nyimbo za singeli ambazo singependa mwanangu azisikilize, na zipo nyingine nyingi ambazo hazina tusi wala hazina kitu: mghani anataja majina ya rafiki zake, mitaa, na mwenye studio, mpaka pigo linakwisha. Nimesikiliza nyingi na nyingi ni dhaifu. Lakini nani amesema kwamba mashairi yanayopelekwa magazetini ni imara yote? Na wanaokerwa na lugha ya mwili waulize wamama wa Lindi huimba nini katika unyago, kisha waulize kwa nini hakuna mzee anayesema kwamba unyago si utamaduni. Pana jambo la aibu zaidi. Mwaka 2018 mamlaka zetu zilipozifungia nyimbo zaidi ya kumi za Bongo zisipigwe redioni, ilidhihirika ni nani anayeyasoma maneno ya vijana kwa makini: ni ofisi yenye kutafuta la kuzuia. Washairi, ambao wangeweza kusema hapa pana sitiari na hapa pana uvivu, hawakuwa na la kusema, kwa kuwa hawakuwa wamesoma.

Niliposema kwamba kimya chetu kina gharama, sikuwa nasema kwa sitiari. Albamu ya namna hii hutengenezwa hivi. Chumba ni kidogo, kompyuta ni moja, programu ni FL Studio na mara nyingi Virtual DJ, ambayo watu wengine huitumia kupiga diski lakini hawa wameifanya ala. Kipande cha taarabu au cha mchiriku kinakatwa, kinazungushwa, kinaongezwa kasi, na vitufe vya kompyuta vinapigwa kama ngoma. Mghani anapewa kipaza sauti. Faili zinarundikana kwa mamia. Kisha anakuja mwenye lebo, anachagua, anapanga mfuatano, sauti zinasawazishwa, jalada linachorwa, tarehe inatangazwa. Katika safari hiyo yote, kila kilichotengenezwa na mtambo kina faili, na faili lina jina la mwenyewe. Maneno peke yake ndiyo yasiyokuwa na karatasi. Mtengenezaji anabaki na jina lake juu ya jalada, na mghani anageuka kuwa mgeni katika kazi ambayo maneno yake yote ni yake. Sheria ya hakimiliki ya nchi hii, ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi wa maneno tangu anapotunga, lakini siku ya ugomvi atadai nini ikiwa hakuna mtu aliyewahi kuyaandika?

Wanaodhani kwamba jambo hili ni jipya wamesahau historia ya pwani yao. Vita vya Majimaji vilianza katika vilima vya Umatumbi, hapa Kilwa, mwaka 1905, na aliyevitungia utenzi ni mtu wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini. Alichukua habari iliyokuwa bado ya moto, yenye damu, akaiweka katika mizani minane, umbo jepesi kuliko yote tuliyo nayo, kwa sababu habari ya moto haiwezi kungoja. Utenzi huo haukuchapishwa Lindi. Ulichapishwa Ujerumani mwaka 1933, na mwaka 1957 ukatolewa upya na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Kamati hiyo wakati huo ilikuwa Makerere, yaani Kampala. Mwaka mmoja baadaye Kamati hiyohiyo ikatoa Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert.

Kampala, tena! Miaka 60 kabla ya Sounds of Sisso, sauti za pwani zilikuwa zinapita mji uleule ili ziifikie dunia. Sioni fedheha ndani yake. Siti mwenyewe alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya HMV, na hakuna aliyesema kwamba taarabu imekuwa ya Wahindi. Tofauti iko mahali pamoja tu. Kamati ya Makerere ilipotoa utenzi wa Jamaliddini, kila ubeti ulichapwa kwa Kiswahili, na jina la mtunzi likawa juu. Na Siti alipokuwa ameondoka duniani, mshairi mkubwa kuliko wote wa zama zake hakuona kwamba mwimbaji aliyezaliwa Fumba katika familia duni yuko chini ya kalamu yake. Alikaa akaandika. Shaaban Robert hakungoja mhakiki wa London amwambie kwamba Siti ana thamani.

Wakenya nao wana mfano unaokaribia zaidi huo muziki wa viwanda kwa maana yake kamili. Kundi la Duma la Nairobi lilirekodi albamu yake Kampala mwaka 2019, ikatoka mwaka 2020: ngoma za mtambo, magitaa yaliyochanwa, na sauti ya binadamu iliyokwaruzwa mpaka haitambulikani kama ni ya binadamu. Msomaji wa Kiswahili akiona jina hilo anamwona mnyama mwenye mbio; wao wanasema ni giza, kwa Kikikuyu. Maana zote mbili zinawafaa, na hiyo ni bahati ambayo mshairi angeitafuta mwezi mzima. Mghani wake, Lord Spikeheart, akatoa mwaka 2024 albamu yake peke yake, The Adept, kwa lebo yake aliyoiita Haekalu. (Hekalu kwa a ya ziada, mazida, ukipenda.) Kazi hiyo ameitunuku kwa Muthoni wa Kirima, mama mkuu wa vita vya Mau Mau, ambaye ni nyanya wa mzazi wake. Hapo mnamwona mtu anayefanya lilelile alilolifanya Jamaliddini: anaichukua vita ya watu wake na kuitafutia sauti. Ila sauti aliyoichagua ni ya namna ambayo hata mzaliwa wa lugha hasikii neno kwa neno. Kazi ya aina hiyo ndiyo inayohitaji maandishi kuliko zote.

Sitaki mtu anisome vibaya. Nyimbo nyingi katika albamu nilizozitaja hazina maneno kabisa, na kwa hizo sidai kitu. Mtambo una haki ya kusema peke yake. Wala sidai kwamba singeli iandikwe kwa Kiswahili sanifu. Kuna rafiki yangu mwalimu anayesema kwamba tukianza kuandika tuandike kwa usahihi, tumrudishie mghani ile h aliyoidondosha. Napinga. Ukimrudishia h umemharibia mizani, kwa kuwa alikwishaihesabu kuwa haipo. Iandikwe kama ilivyotamkwa. Ikiwa herufi haitoshi, iwekwe alama. Wahariri wa tenzi za kale za Lamu waliheshimu Kiamu cha watunzi wao. Lahaja ya Tandale na Manzese nayo ni lahaja, ingawa haijapata wa kuisomea udaktari. Mwandishi na ayapeleke maandishi kwa mghani kwanza, ayasikie yakisomwa, akatae anachokikataa, na jina linalokaa juu liwe lake, si la aliyeandika.

Nimeanza na zile nyimbo za Poaa ambamo Makaveli anaghani. Nazisikiliza kwa kasi ya nusu, na kwa kasi hiyo jambo la ajabu hutokea: kelele inashuka, na chini yake anatokea mtu anayehesabu. Vipande vingine nimevinakili, vingine nimeacha nafasi tupu kwa sababu masikio ya Lindi hayajui misemo ya kule. Wasomaji waliolelewa Mburahati, Manzese na Mbagala wanajua kilichomo katika nafasi hizo, na ukurasa wa maoni uko wazi.